Mwaka Tuliosomea Mashimo

Tulipomzika Wilondja hapa Baraka, mtu aliyepewa kusoma habari za maisha yake alisema kwamba marehemu alikuwa "mtumishi wa afya". Watu wakaitikia. Akaongeza kwamba alikuwa mtu wa ibada na mtu asiyejua ugomvi. Hili la ugomvi ni uongo, na lile la kwanza ni nusu ya ukweli iliyovalishwa kanzu. Wilondja alikuwa mtu wa vyoo. Alichimba mashimo ya vyoo, aliyachota yalipojaa, alipitisha maji machafu ya hospitali na ya soko katika mitaro yenye mteremko uliopimwa, na aliwafundisha wengine kazi hiyo mpaka magoti yake yakakataa. Nilisimama pale chini ya turubai nikayasema hayo hayo ya vyoo. Mwanawe mkubwa akanivuta shati: "Baba mudogo, ikala basi. Batu banasikia." Nikamwambia ndiyo sababu nasema. Sikuketi mpaka nilipomaliza.

Sitaeleza hapa nilizaliwa na nani wala babu zangu walitoka wapi. Kijijini kwetu Lubondja kumejaa watu wanaoweza kueleza hayo kuliko mimi. Nitaeleza mwaka mmoja tu, katika miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala, tulipokuwa vijana watatu tunaosomea mashimo. Shuleni nilipita madarasa machache ya misheni. Mengine nimejisomea, vitabu vya mabomba na vya afya, kwa msaada wa kamusi ya Kifaransa iliyokosa kurasa za mwisho. Lakini msingi wa yote niliupata mwaka ule, na nataka uandikwe kwa jina lake.

Kabla ya mwaka huo, kazi ya vyoo vya posta ya Baraka, yaani kituo cha serikali, ilikuwa ya wafungwa. Walibeba ndoo usiku, wamefungwa vitambaa puani, askari akiwafuata kwa mbali, na asubuhi wazungu na makarani waliamka wakakuta ndoo ni tupu, kana kwamba zimejimwaga zenyewe. Kisha mfungwa mmoja aliteremka katika shimo lililofunikwa nyuma ya hospitali na hakupanda. Mwenzake akamfuata kumwokoa, naye hakupanda. Watu wakasema shimo lina mwenyewe. Mkuu wa gereza akakataa kutoa wafungwa wengine, na shimo likaendelea kujaa mpaka maji yake yakapita katika uwanja wa nyumba ya wazazi, ile ya kujifungulia, mahali wanawake walipoanika nepi. Serikali ikatangaza mshahara. Hakuna aliyekuja. Nasema hivi kwa wale wanaodhani upungufu wa wafanyakazi ni jambo la leo: kazi ilikuwepo, mshahara ulikuwepo, na wanaume wenye nguvu walikaa barazani wakitazama maji yale yakipita. Walichokosa si nguvu. Walikosa mtu wa kuwaonyesha kwamba kazi ile ina akili yake, na kwamba mtu anaweza kuingia katika kazi ile na kutoka akiwa mzima, na akiwa mtu.

Mzungu wa usafi, ambaye watu walimwita Bwana Kresili kwa sababu dawa ya jina hilo, ya kuulia vijidudu vyooni, ilinuka katika nguo zake hata siku ya misa, ndiye aliyeagiza mwalimu kutoka mji wa Albertville. Mwalimu huyo alikuwa Feruzi, mtu wa rasi ya Ubwari, mwembamba, mwenye sauti ndogo, aliyetembea kama mtu anayepima ardhi kwa nyayo. Tangazo likapita vijijini: mafunzo ya mwaka mmoja, chakula na kitanda, na baada yake kazi ya kudumu. Tulikuja wengi kidogo, kutoka Fizi, Baraka, hata Kilembwe. Mimi nilikuja kwa sababu nilichoka kulima pamba ya lazima. Feruzi hakutuhotubia. Alitupeleka nyuma ya soko, akainua kifuniko cha choo, akasema: "Kazi ni hii. Mwenye anaenda, aende sasa, mbele ya bukari kuiva." Bukari, ugali wetu, ulipoiva tulikuwa tumebaki watatu: mimi, Wilondja wa Baraka, na Sebagabo, kijana mrefu wa wafugaji wa milimani, aliyezungumza Kinyarwanda usingizini na Kiswahili kwa tahadhari.

Miezi ya kwanza tulisomea Fizi, juu kwenye vilima. Tulilala katika chumba kimoja nyuma ya ghala la chumvi, na kila kitu chetu kilikuwa na ladha ya chumvi, mpaka mkate. Ukutani Feruzi alikuwa amechora kwa mkaa shimo lililokatwa katikati, na tuliamka nalo kila asubuhi mbele ya macho. Tulikula sahani moja, bukari wa mihogo na sombe ya majani yake, na siku za soko samaki. Sebagabo hakula samaki. Kwao samaki si chakula, na harufu yake tu ilimsogeza mlangoni. Wilondja hakumwacha apumue. "We, muntu wa ng'ombe! Mafi unashika, samaki unakimbia?" Sebagabo akamjibu taratibu, akitafuna bukari mkavu: "Mafi ya ng'ombe tunapakaa mu nyumba, nyumba inakuwa muzuri. Samaki wako, nyumba gani ulijenga naye?" Feruzi alicheka mpaka akaweka tonge chini. Mimi pia nilicheka, lakini jibu lile lilinikaa. Sebagabo alikuwa wa kwanza kati yetu kuzoea kazi, kwa sababu hakuwahi kufundishwa kwamba mavi ni aibu. Kwake yalikuwa kitu chenye matumizi na hatari zake, kama moto.

Somo la kwanza la kweli lilikuwa la taa. Feruzi alifunga taa ya mafuta kwenye kamba, akaiteremsha polepole katika shimo lililofunikwa muda mrefu. Kufika katikati mwali ukapungua, ukawa wa buluu, ukafa. Hakuna upepo, hakuna mkono uliouzima. "Balisema shimo iko na mwenyewe," akasema. "Mwenyewe ni hewa mubaya. Haina meno, haina jina. Taa ikikufa, we hauingie. Unafungua, unangoja, unarudisha taa. Na ukiingia, kamba mu kiuno, na mwenzako juu." Kisha akasema kitu ambacho nimekirudia kwa kila niliyemfundisha: "Na mwenzako akianguka, hauingie kumufuata. Unamuvuta. Mwenye anafuata bila kamba anafanya kilio mbili." Tulikuwa tunawafikiria wale wafungwa wawili. Hawakuuawa na pepo. Waliuawa na kukosa taa na kamba, vitu ambavyo kila duka la Baraka lilikuwa navyo.

Tuliposhuka Baraka, tulidhani tunajua. Udongo wa Fizi ni mwekundu na unashikana. Ukikata ukuta wa shimo unabaki umesimama kama ukuta wa nyumba. Tulikuja ufukoni na mikono ya Fizi. Feruzi alikuwa ameitwa bureau, ofisini kwa mzungu, nasi hatukumngoja. Tukakata shimo letu la kwanza wima, safi, tukijisifu. Mchanga ukatuacha tufike kimo cha kifua, kisha upande mmoja ukakaa chini bila sauti, na Wilondja akawa amezikwa mpaka makwapani, kofia bado kichwani. "Munaangalia nini?" akapiga kelele. "Muko bamashahidi?" Tulimfukua kwa mikono. Feruzi aliporudi hakutukaripia. Alituongoza hadi kwenye matete, akatufundisha kusuka kikapu kikubwa kama mtego wa samaki wa kwao Ubwari, kirefu kupita mtu, na tukakishusha shimoni kushika mchanga kabla ya kujenga kwa matofali. Maji ya ziwa yako karibu pale, yanapanda masika. Kwa hiyo tulijifunza pia kuinua vyoo juu ya ardhi badala ya kuvizamisha, na kuvisogeza mbali na visima. Kwa miezi ile nilijifunza kwamba kila mahali kuna mashimo yake, na mtu anayekwambia shimo ni shimo tu hajawahi kuchimba.

Shimo la hospitali lilibaki. Bwana Kresili aliamuru tulichote usiku, kama ilivyokuwa zamani. Alikuja mwenyewe penye nyumba yetu, akasimama mlangoni, hakuingia. "Kazi hii ya usiku," akasema. "Mchana hapana. Watu itasikia harufu." Feruzi alikuwa ameketi kwenye gogo akinoa jembe. Alisimama, kwa heshima, lakini jembe akabaki nalo. "Bwana, bafungwa balifanya usiku sababu balikuwa bafungwa. Hawa ni batu ya kazi. Usiku hatuone pembeni ya shimo. Mchana tutafanya." Mzungu akarudia habari ya harufu. Feruzi akasema, kwa ile sauti yake ndogo: "Basikie, bwana. Ni yao."

Sijui kama msomaji wa leo anaelewa ilikuwa nini, wakati ule, Mwafrika kumwambia mzungu neno kama hilo akiwa na jembe mkononi. Wilondja alikohoa. Sebagabo alitazama miguu yake. Mimi niliona wazi jinsi tutakavyorudishwa kwenye pamba. Bwana Kresili akawa mwekundu, akatazama nyumba ya wazazi, ambako maji yalikuwa yamefika kizingitini, akatoa jibu la mtu asiye na chaguo. Tufanye mchana. Lakini kikosi kinataka watu sita, nasi tu watatu. Kiangazi kikiisha bila kuwa sita, mafunzo yanafungwa, Feruzi anarudi Albertville, na ndoo zinarudi kwa wafungwa, usiku. Akaondoka. Wilondja akasema: "Sita? Atatoa wapi? Hata mbwa ya Baraka inatupita kando." Tulilichota shimo la hospitali juani, mbele ya kila mtu, kwa taa na kamba na zamu. Hakuna aliyekufa. Wanawake wa nyumba ya wazazi walitoka wakasimama kwenye veranda na watoto wao, na mmoja akapiga vigelegele. Wanaume walipita upande wa pili wa barabara.

Nilipewa ruhusa ya kwenda kwetu Lubondja kutafuta watu. Nilifika jioni, wakati wa kula, nikaenda lubunga kama mwanaume yeyote. Lubunga kwetu Babembe ni nyumba ya wanaume, nguzo na paa tu, bila kuta za kuficha kitu; kila mke huleta alichopika, na wanaume wote hula pamoja, mwenye mke mpishi hodari na asiye na mke kabisa. Nilinawa, nikaketi mahali pangu, nikanyoosha mkono. Mzee Etabo, mwenye lubunga, akaweka fimbo yake juu ya sahani, kati ya mkono wangu na bukari. Hakunipiga. Aliiweka tu.

"Mutoto, tulisikia kazi yako," akasema. "Mukono hii isiingie humu."

"Baba, nilinawa. Na sabuni."

"Sabuni inatoa uchafu. Haitoe kazi."

Wakanikatia jani la mgomba, wakaniwekea tonge langu pembeni, penye nguzo ya mwisho, mahali anapokaa mgeni asiyejulikana. Nilikula. Nasema hivyo bila kujitetea. Nilikuwa nimetembea siku nzima na nilikuwa na njaa. Lakini kila nilipotafuna nilielewa vizuri zaidi kwa nini hatutapata hata mtu mmoja. Hawakuogopa shimo. Waliogopa jani. Nani atakubali kazi ambayo jioni yake ni kula peke yake mbele ya wenzake, maisha yake yote? Hakuna tangazo la mshahara linalojibu swali hilo, na serikali haikuwahi hata kuliuliza.

Usiku ulikuwa haujaingia bado nilipopita nyuma ya jiko la mzee Etabo nikasikia mke wake mkubwa, Mama Nyasa, akisema na wenzake huku akisugua chungu. Binti yake alikuwa amejifungua Baraka, mwezi ule maji yalipopita uwanjani. "Nilikanyaga yale maji na mujukuu mu mugongo," alikuwa akisema. "Leo kule iko kavu. Nani alikausha? Malaika? Hawa babaume, mukono yenye inapiga bibi inaingia mu sahani kila siku. Ya huyu mutoto, hapana!" Mmoja akamnyamazisha: "Mama, nguvu ya lubunga ni ya babaume." Akajibu: "Ya babaume, ndiyo. Na chakula ya nani?" Aliponiona hakushtuka. Akafuta mikono, akanijia penye ua, akanong'ona kama mtu anayeagiza chumvi: "Leta benzako. Bakuye na nguo ya kazi, baoge hapa, batu baone. Nitapika mi mwenyewe. Na samaki ya Baraka, usisahau."

Tulirudi watatu, kabla kiangazi hakijaisha. Njiani Wilondja aliimba nyimbo za kanisani kwa maneno ambayo hayakuwa ya kanisani. Tulifika jua likiwa juu bado, tukavua mashati katikati ya uwanja, tukaoga kwa sabuni ya kipande, mikono mpaka mabegani, kama Feruzi alivyotufundisha: kucha kwanza, kisha vidole, kisha viganja. Watoto wakakusanyika, kisha wanawake. Wanaume walitazama kutoka lubunga wakijifanya hawatazami. Halafu tukaenda tukaketi, si penye nguzo ya mwisho. Tukaketi katikati.

Mzee Etabo alishika fimbo yake. Kabla hajaiinua, Mama Nyasa aliingia na sahani moja kubwa, bukari unaotoa moshi, na bakuli la mikebuka, samaki wa ziwa tuliowaleta, katika mchuzi wa mawese. Hakuleta sahani nyingine. Jioni ile hakuna mke mwingine aliyeleta kitu; yalikuwa yamepangwa jikoni. Akaiweka chini, kati ya mume wake na sisi, lakini hakuondoka kama ilivyo desturi. Alisimama nje ya nguzo, mikono kiunoni.

"Nilipika mi," akasema. "Mi peke. Kama kuko mwenye anaona sumu, aseme."

Ni lazima nieleze, kwa wasio wa kwetu. Chakula kikiisha kuwekwa katikati ya lubunga, mwanaume mwenye afya hakikatai. Akikikataa, amemshitaki aliyekipika kwamba ametia sumu, na shitaka hilo halifi. Litapelekwa kwa ndugu za mwanamke, na wao watakuja kuuliza. Mzee Etabo alikuwa anazijua sheria hizo kuliko sisi sote, kwa maana alikuwa akiwahukumu wengine kwa sheria hizo. Kuweka fimbo juu ya sahani ile kulikuwa sawa na kumwita mke wake mchawi mbele ya kijiji.

Nilikata tonge. Nikachovya, nikala. Wilondja akafuata, kwa kelele, akisifu mchuzi. Sebagabo alitazama samaki. Sheria ilikuwa yake pia, mgeni au si mgeni. Nilimwona akifumba macho, akachovya, akameza bila kutafuna, na machozi yakamtoka, Wilondja akamwambia kwa sauti ya chini, "Leo umejenga nyumba, ndugu yangu." Hakuna mwingine aliyesogea. Mvuke wa bukari ulikuwa unapungua. Kisha Mlondani, mkwe wa mzee, baba wa mtoto yule aliyezaliwa Baraka, akatoka mahali pake, akapiga magoti penye sahani, akala. Alikula kama mtu mwenye hasira. Akala tena. Akiwa bado anatafuna akaniuliza:

"Kule Baraka munachukua na batu benye bibi?"

"Tunachukua."

"Kazi ni ya mchana?"

"Ya mchana."

"Na ile taa batu banasema, mutanifundisha?"

"Siku ya kwanza," nikasema.

Wadogo zake wawili wakatazamana, wakasogea nao, mmoja akisema kwamba yeye anakuja Baraka kwa samaki tu. Watu wakacheka, na kicheko kile kikaleta mikono mingine, mpaka sahani ikazungukwa. Niliwahesabu wale watatu kwa macho, nikaongeza sisi watatu. Sita. Mama Nyasa bado alikuwa amesimama.

Mzee Etabo ndiye wa mwisho. Aliiweka fimbo nyuma yake, akanyoosha mkono bila kututazama, akakata tonge dogo kutoka upande wake, upande ambao hakuna aliyekuwa ameugusa. Akalibonyeza muda mrefu. Alipokwisha kumeza, mke wake akageuka akaenda zake jikoni.

"Mi sikuitika," mzee akasema, akinitazama sasa. "Sikia muzuri. Nakula chakula ya bibi yangu. Juu ya kazi yenu, mi sikuitika."

"Mi sikuuliza, baba," nikamjibu, na nikamsogezea bakuli la mchuzi.